Shamba Hutengenezwa Kabla ya Mvua

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wanaume wengi hudhani kwamba haliwahusu, nalo ni hali ya damu ya mama wakati wa mimba, na hata kabla ya mimba. Sitaanza na maneno ya wataalamu. Nitaanza na watu wa nyumbani kwangu, maana jambo hili lilinifikia likiwa limefungwa ndani ya bahasha.

Jioni moja mdogo wangu, ambaye ni mkulima huko kwetu upande wa Ziwa Viktoria, alifika kwangu na karatasi mbili. Viatu vyake vilijaa vumbi, wala hakutaka chai kabla hajasema lililomleta. "Kaka," akaniambia, "wewe ndiwe uliyezoea karatasi. Nisomee hizi, kisha unishauri kama niuze mtamba wangu au nisiuze."

Karatasi ya kwanza ilitoka maabara. Ilikuwa na jina la mke wake, na chini yake neno refu, homosisteini, na hesabu ya 19. Pembeni paliandikwa kwamba hesabu hiyo imepita kiasi, maana kwa watu wazima haitakiwi kuzidi 15. Karatasi ya pili ilikuwa bei ya chupa za vitamini kutoka mjini, za kutosha miezi sita. Bei hiyo ilikaribia bei ya mtamba.

Yafaa niwaeleze sababu ya haraka yake. Mwaka uliopita shemeji alijifungua mtoto wa kwanza, naye alizaliwa na maradhi yaitwayo mgongo wazi, yaani uti wa mgongo haukufunga tangu tumboni. Aliishi siku tisa. Siku ya kumzika wazee walitufariji wakisema kwamba ajali haina kinga, nao walisema kwa wema. Lakini walikuwako wengine walionong'ona kwamba mama ndiye aliyeleta mkosi katika boma. Shemeji aliyasikia maneno hayo, na tangu siku ile alikuwa akienda kisimani saa ambayo wenzake hawapo. Sasa yeye na mume wake walitamani mtoto mwingine, na mtu mmoja muuza dawa alikuwa amewaambia kwamba homosisteini ndiyo iliyomwua yule wa kwanza, na kwamba chupa zile zitaishusha.

Nilimwuliza mdogo wangu, "Na vile vidonge vidogo alivyopewa kliniki mwaka jana, alivimeza?"

Akatazama chini. "Vipo, kaka. Vimo katika mkebe wa majani ya chai. Wanawake wa jirani walimwambia kwamba vinamnenepesha mtoto hata ashindwe kutoka. Tena tulipofika kliniki mimba ilikuwa imekwisha kuwa ya miezi mitano."

Mimi ni karani, si daktari, na jambo hili lilikuwa kubwa kuliko elimu yangu. Basi niliomba ruhusa ya siku moja kazini, tukaenda sisi watatu hospitalini. Daktari alituketisha akatueleza polepole. Niliandika maneno yake kama niandikavyo kumbukumbu za mkutano, na baadaye nikasoma zaidi. Hayo ndiyo ninayowaletea leo.

HOMOSISTEINI NI NINI

Homosisteini si sumu iliyotoka nje, wala si mdudu. Kila mtu anayo katika damu yake. Mtaalamu wa Marekani, Vincent du Vigneaud, ndiye aliyeigundua mwaka 1932, na mwaka 1955 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi zake za kemia. Tunapokula nyama, samaki, maharagwe au maziwa, mwili hupata kitu kiitwacho methionini. Mwili hukitumia kitu hicho kwa kazi nyingi, na kinapokwisha kutumika hugeuka kuwa homosisteini.

Makarani wenzangu watanielewa nikisema hivi: homosisteini ni kama barua iliyokwisha kusomwa, ambayo bado iko juu ya meza. Iko milango miwili ya kuipitisha. Katika mlango wa kwanza wako makarani wawili, vitamini iitwayo foleti na vitamini B12. Hawa hufanya kazi pamoja, mmoja hushika karatasi na mwingine hushika muhuri, nao huirudisha barua ikawa methionini tena. Mmoja asipofika kazini, mwenzake hukaa bure. Katika mlango wa pili yuko karani mwingine, vitamini B6, ambaye huigeuza barua kuwa kitu kingine chenye kazi yake mwilini. Makarani hao wakipungua, barua hulundikana juu ya meza. Lundo hilo ndilo ile hesabu ya 19.

Hapo daktari alitutazama mmoja mmoja, akasema neno ambalo sikulisahau: "Ukiona lundo juu ya meza, usikasirikie karatasi. Uliza makarani wako wapi."

Wako waliochunguza kama lundo hilo huambatana na madhara wakati wa mimba. Huko Norwei, katika jimbo la Hordaland, wanawake 5,883 walipimwa damu katika miaka ya 1992 na 1993, kisha hesabu zao zikalinganishwa na habari za mimba zao zaidi ya 14,000. Matokeo yalitangazwa mwaka 2000. Wanawake wenye homosisteini nyingi ndio ambao mara nyingi zaidi walikuwa wamepatwa na maradhi ya damu kupanda wakati wa mimba, ambayo yakizidi huleta kifafa cha mimba, na ndio waliozaa watoto kabla ya wakati au wadogo mno.

Lakini tusiseme upesi kwamba mwizi amepatikana. Damu ile ilipimwa wanawake wakiwa na miaka 40 hadi 42, na wengi walikuwa wamezaa miaka mingi kabla ya siku hiyo. Tena, mwaka 2018 matokeo ya jaribio kubwa yalitolewa, lililofanywa katika Kanada, Ajentina, Australia, Jamaika na Uingereza. Wanawake zaidi ya 2,000 waliokuwa katika hatari ya ugonjwa huo wa damu kupanda waligawanywa. Nusu walipewa miligramu 4 za asidi ya foliki kila siku, ambayo ni foleti iliyotengenezwa kiwandani, na nusu nyingine walipewa vidonge visivyo na dawa hiyo. Ugonjwa haukupungua kwa kipimo hicho kikubwa. Kwa hiyo homosisteini ni shahidi anayefaa kusikilizwa, lakini haijathibitishwa kwamba yeye ndiye mwenye hatia, wala mama mja mzito wa kawaida hana haja ya kulipia kipimo chake.

VITAMINI ILIYOTOKA KATIKA MAJANI

Foleti ina habari nzuri. Mwaka 1928 daktari mwanamke wa Uingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay katika Bara Hindi kuwachunguza wanawake waja wazito waliopungukiwa na damu vibaya sana. Wengi walikuwa maskini wafanyao kazi katika viwanda vya nguo. Aligundua kwamba Marmite, ile dawa nyeusi ya kupaka mkate inayotengenezwa kwa hamira, iliwarudishia damu, akaandika habari hiyo mwaka 1931. Alijua kwamba iko kitu ndani yake, lakini hakuna aliyejua jina lake. Mwaka 1941 wataalamu wa Texas walichukua tani nne za spinachi, wakakamua, wakachuja, hata wakakipata kitu hicho kidogo sana. Wakakiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya jani.

Basi, kazi ya foleti ni nini kwa mtoto? Mtoto huanza kama chembe moja, nayo hugawanyika ikawa mbili, nne, nane, mpaka hazihesabiki. Kila mgawanyiko unahitaji foleti. Katika siku za kwanza mgongo wa mtoto ni kama jani laini, ambalo hujikunja kingo zake zikakutana, likawa mrija. Mrija huo ndio utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo. Usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Usipofunga upande wa juu, ubongo hauumbiki vema, naye hawezi kuishi.

Sasa, wasomaji, sikieni neno lenyewe. Mrija huo hufunga katika siku 28 baada ya mimba kutungwa. Siku hizo zikiisha, mama amechelewa kuona siku zake kwa majuma mawili tu. Wengi hawajajua kwamba ni waja wazito, wala hawajamwambia mume. Mama atakayefika kliniki mwezi wa tano atasaidiwa kwa mambo mengi mazuri, na vidonge vyake vitamwongezea damu, lakini kwa habari ya mgongo wa mtoto mlango umekwisha kufungwa, ama vema, ama vibaya.

Mdogo wangu aliposikia hayo alisema, "Basi ni kama kutia samadi wakati mahindi yamekwisha kubeba." Daktari akamjibu, "Ndivyo hasa. Shamba hutengenezwa kabla ya mvua."

JARIBIO LA MWAKA 1991

Jambo hili si la kukisia. Mwaka 1991 Baraza la Uchunguzi wa Tiba la Uingereza lilitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa katika vituo 33 vya nchi saba. Wanawake 1,817 walioingia walikuwa kama shemeji yangu, yaani kila mmoja alikuwa amekwisha kupata mimba yenye ugonjwa wa namna hiyo, naye alitaka mtoto mwingine. Wengine walipewa miligramu 4 za asidi ya foliki tangu kabla ya mimba, na wengine hawakupewa. Ugonjwa ulirudi kwa watoto 27. Kati ya hao, 6 tu walikuwa wa mama waliopewa asidi ya foliki, na 21 walikuwa wa mama ambao hawakupewa. Hatari ilipungua kwa 72 katika kila 100, na jaribio likasimamishwa mapema, kwa kuwa haikuwa haki kuwanyima wengine.

Mwaka uliofuata, 1992, wataalamu wa Hangaria walionyesha kwamba vitamini zenye miligramu 0.8 za asidi ya foliki, zikianzwa kabla ya mimba, huwakinga hata watoto wa mama ambao hawajawahi kupatwa na msiba huo. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwanamke anayetazamia mimba ameze miligramu 0.4 kila siku, tangu anapotamani kuchukua mimba mpaka majuma 12 yapite, kisha aendelee nayo pamoja na madini ya chuma mpaka azae. Kidonge kinachotolewa katika kliniki zetu za Kenya kina vyote viwili, miligramu 60 za chuma na miligramu 0.4 za asidi ya foliki. Ndicho kile kilichokuwa kimelala katika mkebe wa majani ya chai.

Daktari alipokwisha kusoma hesabu za jaribio la 1991, shemeji, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, aliuliza kwa sauti ndogo, "Daktari, basi ni mimi niliyemwua?"

Daktari aliiweka kalamu mezani. "La, mama," akasema. "Ulipopewa vidonge mgongo wa mtoto ulikuwa umekwisha kuumbwa. Hata kama ungalivimeza vyote siku ile ile, usingalimbadilisha. Hakuna aliyekuambia mapema, na kosa hilo ni letu sisi tujuao tusiosema. Tena wako watoto wanaozaliwa na mgongo wazi ingawa mama alifanya kila jambo sawasawa. Lakini hatari yako tunaweza kuipunguza, na leo tunaanza."

Mdogo wangu aligeuka akatazama dirishani. Nami nilijifanya naandika.

ALIYOAMRIWA SHEMEJI

Mama aliyekwisha kupata mtoto mwenye ugonjwa huu hatoshewi na kidonge cha miligramu 0.4. Daktari alimwandikia kidonge cha miligramu 5 kila siku, akianza sasa kabla ya mimba, mpaka mimba ifike majuma 12. Gharama yake haikaribii hata kidogo bei ya zile chupa za mjini. Lakini aliwaonya mambo mawili, nami nawaonya ninyi vilevile.

La kwanza ni malaria. Katika sehemu za malaria nyingi, kama kwetu kando ya ziwa, mama waja wazito hupewa dawa ya SP, ambayo wengi huijua kama Fansidar, baada ya miezi mitatu ya kwanza. Asidi ya foliki ya miligramu 5 huipunguzia SP nguvu. Kwa hiyo majuma 12 yakipita, mama huacha kidonge kikubwa na kushika kile kidogo cha kliniki, ambacho hakiharibu kazi ya SP. Mtu asijipimie mwenyewe dawa kubwa akidhani kwamba kingi ni bora kuliko kidogo.

La pili ni vitamini B12, yule karani mwenye muhuri. Asidi ya foliki nyingi yaweza kuirudisha damu ikaonekana nzuri, hali B12 bado imepungua na mishipa ya fahamu inaendelea kudhurika kwa siri. Daktari aliuliza nyumbani kwao hula nini. Mdogo wangu alijibu bila kuficha kwamba maziwa na mayai huuzwa sokoni, na wao hula ugali na mboga. Basi shemeji alipimwa B12 pia, na yeye na mume wake wakaambiwa kwamba B12 haipatikani katika mboga wala nafaka. Inapatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Omena ni chakula chake kizuri, tena si cha matajiri.

CHAKULA CHA SHAMBANI

Foleti imejaa katika mashamba yetu: majani ya kunde, mchicha, mnavu, mgagani, sukuma wiki, maharagwe, kunde, dengu, njugu, maparachichi na machungwa. Maini pia yana foleti na B12 nyingi, ila mama mja mzito asiyale kila siku, kwa kuwa vitamini A yake ikizidi yaweza kumdhuru mtoto. B6 hupatikana katika samaki, nyama, viazi na ndizi.

Lakini foleti huyeyuka katika maji, na moto mwingi huiharibu. Mboga ikichemshwa saa nzima, kisha maji yake yakamwagwa, tumekula majani na kumwaga vitamini. Afadhali tuipike kwa muda mfupi, maji kidogo, sufuria ikifunikwa, na mchuzi wake tuule.

Wakulima na wajue jambo lingine. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaofungwa viwandani utiwe asidi ya foliki, chuma na vitu vingine vya afya. Bali mahindi unayovuna mwenyewe na kuyasaga katika kinu cha kijijini hayakutiwa kitu. Sisemi mwache kusaga mahindi yenu. Nasema asiyenunua unga wa paketi asidhani kwamba amekwisha kukingwa na unga, na chakula peke yake hakichukui mahali pa kidonge kwa mwanamke anayetazamia mimba.

Na wale wanaosema kwamba vidonge humfanya mtoto awe mkubwa hata ashindwe kuzaliwa, maneno yao hayana ukweli. Ni kweli kwamba chuma huweza kuleta kichefuchefu na kugeuza choo kiwe cheusi. Kidonge kikimezwa usiku pamoja na chakula, taabu hupungua. Kisimezwe pamoja na chai, maana chai huzuia chuma kisiingie vema katika damu.

NENO KWA WANAUME

Mwanamume hapimi mvua kwa kuingojea imlowanishe. Hulima mapema, huweka mbegu, hutayarisha samadi. Kwa nini basi tungoje mpaka tumbo la mke lionekane ndipo tuulize habari za kliniki? Mkitamani mtoto, nendeni pamoja miezi mitatu kabla, mkaulize asidi ya foliki. Kama katika ukoo umekuwako mgongo wazi, au mama ana ugonjwa wa sukari, au anatumia dawa za kifafa, mwambieni daktari mapema, kwa kuwa hao huhitaji uangalizi wa namna nyingine. Na kama msiba umekwisha kutokea, msimwache mama achukue peke yake lawama isiyo yake.

Mtamba hakuuzwa. Maziwa yanabaki nyumbani chupa moja kila siku, na mayai mawili matatu hayafiki sokoni tena. Nilipowatembelea mwezi uliopita niliona vidonge vimetoka katika mkebe na kuwekwa juu ya meza, karibu na taa, mahali ambapo mtu hawezi kulala asivione. Hakuna mimba bado, nami sikuuliza. Shemeji alinipokea mlangoni, akaniambia nisubiri kidogo, maana alikuwa anakwenda kisimani na wenzake.